Faili ya Wakwe

Mkwe wa Tororo, Uganda, akitaka kuja kwetu Chakol, upande wa Kenya, hana haja ya kuwaza sana. Anatia kitambulisho mfukoni, anapanda bodaboda hadi Malaba, anavuka, na kabla ya chakula cha mchana ameshaketi kivulini, mrija wa ajon, pombe yetu ya wimbi, mkononi. Sisi Wateso tumekaa pande zote mbili za mpaka huu tangu haujachorwa. Mwaka 1902 Waingereza walipoumega Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika himaya yao ya Afrika Mashariki, koo zetu zilibaki pale pale, nusu huku, nusu kule. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanavuka kwa kitambulisho cha taifa. Februari 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha Busia, na sasa maafisa wa nchi zote mbili wanakuhudumia chini ya paa moja. Wazazi wangu wamezeeka wakivuka hivyo kwenda matangani, harusini na sokoni, bila kujua visa ni kitu gani.

Visa ilitujia kupitia mdogo wangu. Ni muuguzi. Alikwenda Uingereza baada ya serikali hizi mbili kutia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021, akapata kazi Leeds, na huko akaolewa. Mwaka 2024 wazazi wa mumewe wakaja Chakol kuleta mahari na kutufahamu. Kenya ilikuwa imefuta visa Januari mwaka huo na kuweka kibali cha kielektroniki cha kusafiria, dola 30 kwa mtu. Walikiomba wakiwa sebuleni kwao, kikawafikia kwa barua pepe siku chache baadaye. Walilala kwangu, nyuma ya duka, wakashinda bomani kwa wazazi. Baba aliwakalisha penye chungu cha ajon, akawafundisha kushika mrija kwa mkono wa kulia, na mama akawapakulia atap, ugali wetu, kwa mikono yake. Siku ya kuondoka, mkwe mwanamke alimkumbatia mama akasema: sasa ni zamu yenu.

Kwetu ziara ya wakwe ni deni. Ukitembelewa usiende, umewaambia watu kwamba umemtoa binti yako ukamsahau. Kwa hiyo mdogo wangu alipojifungua mwanzoni mwa 2025, hakuna aliyeuliza kama wazazi wataenda. Swali lilikuwa ni nani atashika karatasi, na hilo lilinihusu mimi.

Nina saiba, duka la huduma za mtandao, hapa sokoni Chakol. Kutwa nzima nashinda kwenye eCitizen, PIN za KRA, fomu za mikopo ya wanafunzi na pasipoti za vijana wanaokwenda kutafuta kazi Ghuba. Nimewajazia watu fomu nyingi za visa, na nimewaona wakirudi na majibu. Katika kazi hiyo yote, jambo lililonifundisha zaidi lilikuwa barua ya kunyimwa aliyopewa jirani yetu, mwalimu mstaafu.

Mwalimu alitaka kumtembelea mwanawe aliyeoa katika nchi moja ya Ulaya. Ajenti fulani alimwambia kwamba wazungu wanaangalia pesa tu, basi ajaze akaunti. Ndugu wakachanga, akaunti ikajaa. Majibu yalipokuja alifika saibani akiwa amekunja barua ile mara nyingi hadi ikawa ndogo kama stempu, akataka niitupe kwenye moto. Nikamwomba ruhusa nibaki na nakala. Ilieleza kwamba akaunti ilikaa karibu tupu kwa miezi, kisha ghafla, wiki chache kabla ya ombi, zikaingia fedha nyingi zisizo na maelezo ya zilikotoka. Ilieleza pia kwamba hakuna kilichoonyesha ana familia, ardhi wala shughuli ya kumrudisha nyumbani.

Huyu ni mtu mwenye shamba, mke, wajukuu anaowapeleka shule kila asubuhi, na kiti cha mwenyekiti kanisani. Chakol nzima inajua. Lakini hakuna hata moja kati ya hayo lililokuwemo katika faili yake. Kilichokuwemo ni pesa za ndugu. Nilipoisoma barua ile mara ya tatu niliona kwamba haikumwita mwongo. Ilimhukumu mtu mwingine kabisa, yule aliyeundwa na ajenti, na mwalimu wetu hakuwa amepata nafasi ya kuonekana.

Nilikwenda na funzo hilo nyumbani. Kanuni za Uingereza zinamtaka afisa aridhike kwamba anayeomba ni mgeni wa kweli: kwamba ataondoka muda ukiisha, hatafanya kazi, hatageuza ziara kuwa makazi, na ana fedha zake au ana mtu wa halali wa kumgharimia. Kwa kawaida hakuna mahojiano. Unajaza fomu kwenye mtandao, unalipa, unakwenda Nairobi kuchukuliwa alama za vidole na picha, basi. Kinachobaki ni afisa usiyemjua akisoma ulichoweka. Na tangu 25 Juni 2013 anayekwenda kuwaona jamaa zake hana tena haki kamili ya kukata rufaa akinyimwa. Njia iliyo wazi ni kuomba upya na kulipa upya. Ada tulipoomba ilikuwa pauni 127, zaidi ya shilingi 20,000 za Kenya kwa kila mzazi, na hairudishwi. Kwa hiyo faili ya kwanza ndiyo ya kufanyiwa kazi kwa moyo wote.

Tulianza na baba. Maisha yake yote yako katika ardhi, na ardhi hiyo bado iko katika jina la babu. Hii ndiyo hali ya boma nyingi za Teso Kusini: mtu analima, anazika, anajenga, na hati miliki inasoma jina la marehemu. Nawasihi wanaosoma haya washughulikie jambo hili mapema, kwa sababu si visa tu itakayoliuliza. Kwa bahati kesi ya mirathi ilikuwa tayari imefunguliwa mahakamani Busia. Tukaweka nakala ya ombi hilo, cheti cha kifo cha babu, nakala ya hati miliki kama ilivyo na barua ya chifu inayoeleza ni nani anayelima pale na tangu lini. Kipato chake ni vyumba vichache vya kupangisha huko Adungosi. Wapangaji hulipa kwa M-Pesa, kwa hiyo tuliomba taarifa ya miezi sita. Ilionyesha kodi ikiingia mwanzo wa mwezi, kisha ikitoka kidogo kidogo kwenda kwa duka la dawa za mifugo, sadaka na karo ya mjukuu. Mtu angeweza kuisoma na kumjua baba.

Baba mdogo aliyeko Nairobi alipiga simu akataka kuweka nusu milioni kwenye akaunti ya baba, kwa nia njema kabisa. Baba alimsikiliza hadi mwisho.

“Wakiniuliza zimetoka wapi, nitajibu nini?” akasema. “Na nikijibu kwamba ni zako, si ndiyo itakuwa wewe unayekwenda kumwona mtoto?”

Gharama za safari zilibebwa na mdogo wangu na mumewe, na tulisema hivyo waziwazi. Waliweka hati za mishahara yao, taarifa zao za benki, cheti cha kuzaliwa cha mdogo wangu chenye majina ya baba na mama, na cheti cha mtoto. Mtoto kwa mama, mama kwa wazazi wake: mnyororo wa karatasi ambao haukutakiwa kukatika popote.

Ulikatika mahali pamoja, na palitugharimu safari za Busia. Jina la mama kwenye kitambulisho lina herufi moja zaidi ya lile la cheti cha ndoa cha parokia ya Amukura. Padri wa zamani aliandika alivyosikia, karani wa kitambulisho naye akaandika alivyosikia. Wakili wa mjini akatuandikia hati ya kiapo kwamba mwenye majina hayo mawili ni mtu mmoja. Tarehe ya kuzaliwa ya baba nayo ni Januari mosi, kama ya wazee wengi waliokadiriwa umri, na hilo tulilieleza kwa sentensi moja katika barua ya maelezo ili lisije likatiliwa shaka. Pasipoti zilitoka Kisumu. Huko, kwenye ofisi moja, waliulizwa mara kwa mara kama kweli ni Wakenya, swali ambalo Mteso wa mpakani hulijibu maisha yake yote. Sitakawia hapo.

Nataka kukawia kwa mama. Mama hana ardhi kwa jina lake, hana pango la vyumba, hana mshahara. Ni mwanamke wa biashara ya mpakani. Tangu nikiwa mtoto anakwenda ng’ambo ya pili kununua njugu, maharagwe na simsim, anavuka navyo, anauza Malaba, Chakol na Amukura siku za soko. Nilimuuliza, mama, una karatasi gani? Akasema hana. Kisha akafikiri, akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati la shuleni, lile ambalo dada mmoja baada ya mwingine alikwenda nalo bweni.

Ndani kulikuwa na vile vyeti vya wafanyabiashara wadogo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu mwepesi kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000: unajaziwa cheti kifupi kinachosema bidhaa zimetoka nchi ya Jumuiya, kinagongwa muhuri, unapita bila ushuru wa forodha. Wanawake wengi hupokea nakala wakaitupa kwa sababu kazi yake imekwisha. Mama alizitunza kwa sababu siku moja, miaka mingi nyuma, mtu alimdai amlipe tena mzigo aliokwisha kulipia, na alipata haki yake kwa kuonyesha karatasi. Tangu hapo hakutupa tena. Zilikuwa zimefungwa kwa kamba ya katani mwaka kwa mwaka, nyingine wino umefifia, nyingine zina alama ya mafuta ya simsim pembeni. Chini yake kulikuwa na daftari la chama chao cha akina mama, akiba na mkopo wa kila mwezi, sahihi ya mweka hazina kila mstari.

Nilikaa sakafuni nikazipanga kwa tarehe. Mwanamke huyu ambaye pasipoti yake haikuwa na muhuri hata mmoja alikuwa ameondoka Kenya na kurudi Kenya kwa miaka, mara nyingi siku ile ile, na kila mara kulikuwa na karatasi yenye jina lake. Afisa anataka kujua kama mtu akivuka mpaka hurudi kwao. Sidhani kuna jibu bora kuliko sanduku lile. Tulichagua vyeti vya kila robo mwaka, tukaviskani vizuri, tukaandika barua fupi ya kueleza biashara ni ya nini na utaratibu wenyewe ni upi, kwa sababu mtu wa mbali hawezi kukisia. Mwenyekiti wa chama akaandika barua kwa Kiswahili, nayo ikabidi itafsiriwe kwa Kiingereza, mtafsiri akaweka jina, tarehe, sahihi na namna ya kumpata, kama inavyotakiwa.

Nilidhani faili imekamilika. Ndipo fomu ikauliza: mtakaa wapi?

Mdogo wangu alikuwa ameshatuma anwani ya nyumba yake. Chumba alikuwa amekipaka rangi, na mumewe amenunua kitanda kipya. Nilipomsomea mama, aliacha kupepeta njugu.

“Nilale kwa mkwe wangu?”

Asiye wa kwetu huenda asilione zito. Mama mkwe na mume wa binti yake hawakai karibu. Kwa mila ya zamani, hata wakikutana njiani walipishana, kila mmoja akitazama upande wake. Siku hizi wanasalimiana, wanaongea kwa simu, lakini kulala chini ya paa lake, kuoga kwenye bafu lake, kumsikia akikohoa usiku, hapana. Wala hakuna chuki ndani yake. Ndiyo heshima kubwa kuliko zote ambazo watu hawa wawili wanaweza kupeana. Baba alisema anakubaliana na mama. Mdogo wangu alilia kwenye simu. Aliona kama wanaikataa nyumba yake.

Wapo wateja ambao wangeniambia: andika hiyo hiyo anwani, wakifika watajipanga. Nakataa jambo hilo hata kwa wageni. Unachotia sahihi ni kwamba uliyoyasema ni kweli, na afisa wa uwanja wa ndege anaweza kukuuliza tena, mama akajibu kwa ukweli wake, na majibu mawili yakagongana mbele yake. Zaidi ya hayo, sikutaka mama aingie ndege akiwa na jambo linalomsumbua moyoni.

Shemeji ndiye aliyetatua jambo hilo. Alisikiliza, hakubisha, akawapigia wazazi wake ambao wanakaa mwendo mfupi kutoka kwao. Mama yake akasema wakae kwake. Aliikumbuka vizuri ile wiki ya Chakol. Akampigia mama yangu mwenyewe, mimi nikitafsiri. Mama akauliza kuna nani katika nyumba hiyo. Akaambiwa ni wao wawili, wazee kwa wazee. Akasema, “Nyumba ya mwenzangu nitalala.”

Basi wakwe wakaandika barua. Hatukuwaambia waseme nini. Walieleza ni akina nani, nyumba yao ina vyumba vingapi, na kwamba wazazi wa mkwe wao watalala kwao kwa sababu ya mila ya familia ya msichana, ambayo wanaiheshimu. Wakaandika kwamba mwaka 2024 wao walikuwa wageni wa watu hawa, wakaambatisha kurasa za pasipoti zao zenye mihuri ya Kenya na picha iliyopigwa penye chungu cha ajon, wote wanne na mirija. Sijui ni karatasi ipi iliyomridhisha afisa, kwa sababu visa ikitoka haiji na maelezo. Lakini kama ningeambiwa nibakize tatu tu katika faili nzima, ningebakiza vyeti vya mama, M-Pesa ya baba na barua ya wakwe.

Kuhusu sababu ya safari tuliandika ilivyo: kumwona mjukuu na kumsaidia binti katika wiki zake ngumu. Wengi huogopa kutaja mtoto wakidhani wataambiwa wanakwenda kufanya kazi ya yaya. Miongozo ya Uingereza inaruhusu ndugu kumtunza mtoto wakati wa ziara fupi, mradi isiwe ajira. Visa ile ingewaruhusu hadi miezi sita. Waliomba wiki wanazozihitaji, warudi kabla ya kuvuna wimbi, na tarehe hiyo ilikuwa ya kweli kwa sababu baba hawezi kuacha wimbi mikononi mwa mtu mwingine. Tiketi hatukununua mpaka majibu yatoke, kama mwongozo wenyewe unavyoshauri.

Nairobi, vidole vya baba viligoma. Mashine haikusoma. Jembe limelainisha ncha zake kiasi kwamba mistari haionekani. Kijana wa mashine alimwombea kitambaa chenye maji, akambonyeza kidole kimoja kimoja taratibu, akimwita “mzee wangu” muda wote, hadi vyote kumi vikapita. Nilimshukuru kijana yule, na namshukuru tena hapa.

Visa zilitoka. Leeds, mama alishinda kwa binti yake mchana, akimwogesha mtoto na kumpikia mdogo wangu uji wa unga wa wimbi tulioufunga vizuri, na jioni akarudi kwa mwenzake. Mdogo wangu aliniambia baadaye kwamba alipomwona mama akivaa koti kila jioni aliacha kuhisi amekataliwa. Aliona mumewe naye akisubiri nje, kando ya gari, hadi mama mkwe wake aketi kiti cha nyuma. Wazazi walirudi tarehe ile ile waliyoiandika. Mihuri ya kuingia kwao nyumbani, pamoja na tiketi zilizotumika, nimeziskani na kuziweka, maana ombi lijalo litaanzia hapo.

Mwalimu jirani alikuja kuwasalimu waliporudi. Alikaa na baba hadi giza, kisha kesho yake akafika saibani na ile barua yake. Safari hii hataki ajenti wala mchango wa ndugu. Amewaomba wanaonunua maziwa yake walipe kwa M-Pesa badala ya taslimu. Ametafuta karatasi za pensheni yake, barua ya kanisa, na stakabadhi za karo za wajukuu anaowalipia, na amekubali kwamba katika maelezo tutaitaja ile mara aliyonyimwa, pamoja na pesa zile zilitoka kwa nani. Barua ya mwanawe imefika. Imebaki ya wakwe, na jana amempigia mwanawe akimwomba awaambie waandike wenyewe, kwa maneno yao.